Mzalishaji Asiye na Anwani: Taka, Sheria na Masoko ya Mtandaoni

Katika sheria za taka za nchi za Umoja wa Ulaya, mzalishaji si lazima awe mtu aliyekitengeneza kitu. Ni yule anayekiingiza kitu hicho kwa mara ya kwanza katika soko la nchi fulani kwa njia ya biashara, awe ana kiwanda, awe ana duka, au awe ana simu ya mkononi peke yake. Kwa hiyo msusi wa Machakos anayetangaza viondo vyake katika soko la mtandaoni, kisha akavituma kwa posta moja kwa moja hadi kwa mnunuzi aliyeko Berlin, huhesabiwa na sheria ya Ujerumani kuwa mzalishaji wa boksi, karatasi za kujazia nafasi na utepe wa gundi vinavyobaki mikononi mwa mnunuzi baada ya mzigo kufunguliwa, ingawa viondo vyenyewe havimo katika orodha ya bidhaa zilizowekewa wajibu wa taka. Wajibu huo unaanza na boksi la kwanza, kwani sheria haikuweka kiwango ambacho muuzaji aliye chini yake anasamehewa. Sura hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyofikiwa na jinsi masoko ya mtandaoni yalivyokabidhiwa ulinzi wa sheria ya taka, na inatetea msimamo kwamba, kati ya njia mbili kuu zilizojaribiwa Ulaya, ile inayomdai mwenye soko inafaa kuigwa kuliko ile inayomwekea muuzaji mzigo wote.

Msingi wa sheria hizi ni kanuni ya mchafuzi kulipa, ambayo Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lijulikanalo kwa kifupi kama OECD, liliipitisha mwaka 1972, likitaka gharama za kuzuia uchafuzi zibebwe na anayechafua badala ya hazina ya umma. Kwa moshi wa kiwanda kanuni hiyo ilieleweka upesi, kwa sababu bomba la moshi lina mwenyewe. Taka za nyumbani zilikuwa na ugumu wake: anayezitupa ni mnunuzi, lakini si yeye aliyeamua chupa iwe ya plastiki ya aina gani, wala hakuamua kwamba dawa ya meno itiwe katika tyubu na tyubu itiwe tena katika boksi, na halmashauri inayopita kuzikusanya nayo haikuulizwa. Aliyeamua yote hayo alikuwa mwenye bidhaa, naye hakulipa chochote. Mwaka 1990 mtaalamu wa Uswidi, Thomas Lindhqvist, katika ripoti aliyoiandikia Wizara ya Mazingira ya nchi yake, alilipa jina wazo lililokuwa likijitokeza: wajibu mpana wa mzalishaji, yaani utaratibu unaomfanya mwenye bidhaa aendelee kuwa na dhamana juu yake hata baada ya kuiuza, mpaka itakapokusanywa na kurejelezwa, yaani kugeuzwa kuwa malighafi tena, au kuteketezwa kwa usalama. Nguvu ya wazo hilo iko katika sababu inayompa mwenye bidhaa ya kuipunguza taka mapema, kabla haijawa taka, kwa kuwa kila gramu anayoiongeza kwenye kifungashio itamrudia katika hesabu.

Ujerumani ndiyo iliyolitia wazo hilo katika sheria yenye meno. Kanuni za vifungashio za mwaka 1991, zilizosimamiwa na Waziri wa Mazingira Klaus Töpfer, ziliwalazimisha wenye viwanda na wenye maduka kuvichukua tena vifungashio walivyovitoa, isipokuwa pale walipojiunga na mfumo wa pamoja wa kuvikusanya majumbani. Jina la Töpfer si geni Afrika Mashariki, kwani baadaye, kuanzia mwaka 1998 hadi 2006, aliliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi. Mfumo wa pamoja uliundwa kwa jina la Duales System Deutschland, na makampuni yaliyoulipa yalipewa ruhusa ya kuchapa nembo ya nukta ya kijani juu ya bidhaa zao. Haikupita miaka mingi udhaifu wake ukajitokeza. Mwaka 1993 mfumo ulikaribia kufilisika kwa sababu makampuni mengi yalichapa nembo bila kulipa, au yalilipia vifungashio vichache kuliko vile yaliyovisambaza, ilhali magari ya taka yalikusanya kila kilichowekwa mlangoni bila kumuuliza mtu risiti. Wakati huohuo plastiki nyingi zilizokusanywa hazikuwa na viwanda vya kutosha vya kuzirejeleza, na sehemu yake ikapatikana imesafirishwa hadi nchi za Asia.

Mgogoro huo wa 1993 unastahili kukumbukwa, kwa kuwa tatizo la masoko ya mtandaoni ni lilelile kwa sura nyingine. Mfumo wa kuchangia gharama za taka unabebwa na wanaolipa, lakini unamhudumia kila mtu. Kwa hiyo daima utakuwa na wadandiaji, yaani wafanyabiashara ambao taka zao zinakusanywa na kuchakatwa kwa fedha za washindani wao. Kila mdandiaji anapoongezeka, mchango wa waaminifu unapanda, na mchango unapopanda, kishawishi cha kudandia kinaongezeka.

Fedha zenyewe hutembea hivi. Mzalishaji hujisajili katika daftari la taifa, kisha huingia mkataba na shirika la uwajibikaji, ambalo ni chombo kinachotekeleza wajibu kwa niaba ya wazalishaji wengi kwa pamoja. Kila mwaka hutoa taarifa ya uzito wa vifungashio au bidhaa alizoziingiza sokoni, zikigawanywa kwa malighafi, karatasi peke yake, kioo peke yake, plastiki peke yake, naye hutozwa kwa kila kilo kulingana na gharama ya kuishughulikia malighafi hiyo. Shirika nalo huwalipa wakusanyaji, wachambuzi na wenye viwanda vya urejelezaji. Katika nchi kadhaa, Ufaransa ikiwa mbele, tozo hupandishwa au kupunguzwa kulingana na ubora wa bidhaa kimazingira, hivi kwamba kitu kinachorekebishika au kilichotengenezwa kwa malighafi iliyorejelezwa hulipiwa kidogo, na kile kinachovuruga urejelezaji hulipiwa zaidi. Hapo ndipo wajibu mpana wa mzalishaji unapotofautiana na kodi ya kawaida: unakusudia kuingia katika chumba cha usanifu na kubadili maamuzi yanayofanywa humo.

Mfumo huu wote ulijengwa juu ya dhana ambayo hakuna aliyeona haja ya kuiandika, kwamba mzalishaji ana anwani. Alikuwa na kiwanda, au kampuni ya kuagiza bidhaa, au duka kuu ndani ya mipaka ya nchi, na mkaguzi angeweza kumfikia. Biashara ya mtandaoni iliiondoa dhana hiyo. Mnunuzi wa Lyon anapoagiza taa ya mezani kutoka kwa muuzaji aliyeko Shenzhen, hakuna mwagizaji wala mwenye duka kati yao; kifurushi kinaingia nchini kikiwa mali ya mnunuzi, naye mnunuzi hajui kwamba kuna wajibu wowote ulioachwa njiani. Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika takwimu za Tume ya Ulaya, zinazoonyesha kwamba mwaka 2024 vifurushi vyenye thamani isiyozidi euro 150 vilivyoingia katika Umoja wa Ulaya vilifikia takriban bilioni 4.6, sawa na milioni 12 kwa siku, na kwamba 91 katika kila 100 vilitoka China. Ikumbukwe pia kwamba taka za vifungashio katika Umoja huo zilikuwa wastani wa kilo 186.5 kwa kila mtu mwaka 2022, na kwamba karatasi na maboksi, ambayo ndiyo nguo ya kila kifurushi, ndiyo sehemu kubwa kuliko malighafi nyingine yoyote.

Kwa boksi moja, tozo iliyokwepwa ni senti chache tu. Kwa vifaa vya umeme na betri hasara ni kubwa zaidi, maana vitu hivyo vina metali nzito na kemikali, na gharama ya kuvichakata kwa usalama ni ya kweli, awe amejulikana wa kuilipa au la. Muuzaji wa ndani anayelipa ada zote anashindana na bidhaa ileile isiyobeba ada hata moja, katika ukurasa uleule, huku bei mbili zikiwa zimepangwa juu na chini mbele ya macho ya mnunuzi. Dhuluma hiyo kwa mfanyabiashara mwaminifu ndiyo iliyowasukuma wabunge wa Ulaya kuchukua hatua, labda kuliko hata hali ya mazingira yenyewe.

Ujerumani ilianza kwa kuimarisha daftari. Sheria mpya ya vifungashio, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, iliunda mamlaka kuu ya usajili yenye makao yake katika mji wa Osnabrück, nayo ikafungua daftari la kielektroniki liitwalo LUCID, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma na kujua kama mshindani wake amejisajili. Kusajiliwa ni bure; kinacholipiwa ni mkataba na mojawapo ya mashirika yanayoshindana katika kuendesha ukusanyaji. Asiyejiunga na mfumo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 200,000, na asiyejisajili hadi euro 100,000. Lakini faini, hata ikiwa nzito namna gani, haina maana kwa mtu ambaye barua ya mamlaka haitamfikia, na ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2021 yaligeuza mwelekeo: kuanzia tarehe 1 Julai 2022 mwenye soko la mtandaoni alikatazwa kuruhusu bidhaa itangazwe katika soko lake ikiwa muuzaji hajaonyesha kwamba amejisajili na kujiunga na mfumo, na makampuni yanayohifadhi, kufunga na kutuma bidhaa kwa niaba ya wauzaji yakakatazwa kuigusa. Kwa vifaa vya umeme na elektroniki, ambavyo vina daftari lao linaloendeshwa na taasisi ya EAR, wajibu kama huo uliwaangukia wenye masoko tarehe 1 Julai 2023.

Matokeo yalikuja haraka. Idadi ya waliosajiliwa katika daftari la vifungashio iliongezeka mara kadhaa, kwa sababu masoko makubwa yalianza kuwadai wauzaji namba za usajili na kuwafungia wasiokuwa nazo. Jambo ambalo miaka mingi ya vitisho haikuliweza, kitufe kimoja cha kusimamisha tangazo kililiweza. Hata hivyo mafanikio hayo yasitiwe chumvi, kwani soko linathibitisha kwamba namba ipo. Halithibitishi kwamba uzito uliotangazwa ni wa kweli. Muuzaji anayetuma maboksi 10,000 anaweza kujisajili, kulipia kilo chache, na kuendelea kuuza akiwa na namba halali. Udandiaji wa mwaka 1993, wa kulipia kidogo na kusambaza kingi, umebakiwa na mlango wake.

Ufaransa ilichukua njia nyingine, na hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Sheria ya tarehe 10 Februari 2020 ya kupambana na ubadhirifu na kujenga uchumi wa mzunguko, iitwayo AGEC kwa herufi za kwanza za jina lake la Kifaransa, iliamua kwamba mwenye soko au jukwaa lolote linalowezesha mauzo ya mbali ndiye anayewajibika kwa taka za bidhaa zinazouzwa na watu wengine kupitia kwake, isipokuwa akithibitisha kwamba muuzaji husika ameshautimiza wajibu huo mwenyewe. Uthibitisho ni namba ya pekee ya utambulisho, inayotolewa na ADEME, wakala wa serikali wa mpito wa ikolojia, kwa kila kundi la bidhaa ambalo muuzaji anahusika nalo. Kanuni hiyo ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2022. Mwenye soko anatakiwa kuweka daftari la namba hizo. Pale ambapo namba haipo, deni ni lake.

Tofauti kati ya njia hizi mbili inaweza kuonekana ndogo, kumbe inagusa kiini. Katika njia ya Kijerumani, mwenye soko ni bawabu: anaruhusu au anazuia, na akishazuia kazi yake imekwisha. Katika njia ya Kifaransa ni mdhamini, na mdhamini hulipa. Bawabu hana sababu ya kujua uzito wa kifurushi. Mdhamini anayo, kwa sababu kila kilo isiyolipiwa na muuzaji itamfikia yeye. Bawabu humfukuza muuzaji mdogo kwa kuwa kumfukuza hakumgharimu kitu, ilhali mdhamini anaweza kuona faida kumlipia na kumkata fedha hizo katika mauzo yake, na ndivyo baadhi ya masoko makubwa yalivyofanya. Zaidi ya hayo, njia ya Kifaransa inauweka wajibu kwa mtu mwenye anwani, mwenye mali inayoshikika na mawakili wanaofika mahakamani, yaani inairudisha ile dhana ya zamani ambayo intaneti ilikuwa imeivunja. Uingereza imeelekea upande huohuo kwa vifaa vya umeme: kanuni zilizoanza kutumika Agosti 2025 zinawahesabu wenye masoko ya mtandaoni kuwa wazalishaji wa vifaa vinavyoletwa na wauzaji wa nje kupitia masoko yao.

Hoja ya kwamba wenye masoko hawawezi kuibeba kazi hiyo haina uzito mkubwa. Tangu tarehe 1 Julai 2021, sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya Umoja wa Ulaya inamhesabu mwenye soko kuwa ndiye muuzaji wa bidhaa za thamani isiyozidi euro 150 zinazotoka nje ya Umoja, naye hukata kodi hiyo mnunuzi anapolipa na kuipeleka serikalini. Mwenye soko tayari anajua kifurushi kinakwenda nchi gani na kimebeba bidhaa ya aina gani, mara nyingi hata uzito wake, kwa kuwa nauli hukokotolewa kwa uzito. Mkono unaokata kodi ya ongezeko la thamani unaweza kukata tozo ya taka katika malipo yaleyale.

Upande wa pili wa suala hili ni muuzaji mdogo, na hapa sheria za Ulaya zimekuwa nzito kuliko haki inavyoruhusu. Wajibu wa taka unahesabiwa kwa kila nchi peke yake, na ndani ya nchi kwa kila kundi la bidhaa peke yake. Mfanyabiashara wa Hamburg anayeshona magauni ya vitenge kutoka Dar es Salaam na kuyauza mtandaoni anahitaji kusajiliwa kwa vifungashio nchini Ujerumani. Akiwauzia Wafaransa anahitaji namba mbili za Ufaransa, moja ya vifungashio na nyingine ya nguo, kwa sababu Ufaransa imeziwekea nguo wajibu wa mzalishaji tangu mwaka 2007. Akiwauzia Waholanzi anaingia katika utaratibu wao wa nguo ulioanza tarehe 1 Julai 2023. Na Austria, tangu Januari 2023, inamtaka muuzaji wa nje awe na mwakilishi aliyeidhinishwa, yaani mtu au kampuni iliyoko Austria inayobeba wajibu kwa niaba yake na kulipwa kwa kazi hiyo. Ikiwa anauza pia taa zilizopambwa kwa kitambaa hichohicho, Ujerumani itamtaka asajili chapa na aina ya kifaa, na kwa vifaa vinavyotumika majumbani itamtaka kila mwaka aweke dhamana ya fedha isiyoweza kupotea hata akifilisika. Masharti hayo yalibuniwa kwa ajili ya kampuni zinazouza majokofu kwa maelfu.

Kwa kiwanda kikubwa kinachotuma vifurushi milioni, ada ya mwakilishi na gharama za taarifa zinagawanyika mpaka kufikia sehemu ndogo ya senti kwa kila kifurushi. Kwa fundi anayetuma vifurushi ishirini kwa mwaka, gharama hizo zinaweza kupita faida yote, ilhali taka anayoiacha Ulaya inaenea katika toroli moja. Wapo wauzaji wadogo, hasa wa Uingereza na Marekani, ambao baada ya Julai 2022 waliamua kuacha kutuma bidhaa Ujerumani kabisa. Sheria iliyokusudiwa kumkamata mdandiaji mkubwa imemwondoa sokoni mtu ambaye hakuwa tatizo, huku mkubwa akijisajili na kuendelea.

Kanuni mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya, namba 2025/40, iliyoingia katika sheria Februari 2025 na ambayo masharti yake ya jumla yanaanza kutumika tarehe 12 Agosti 2026, inayasogeza mambo haya katika ngazi ya Umoja mzima. Inawataka wenye masoko kupata uthibitisho wa usajili kabla ya kumruhusu muuzaji kutumia huduma zao, na inaeneza sharti la mwakilishi aliyeidhinishwa kwa kila nchi mwanachama ambamo mzalishaji anauza bila kuwa na makao. Kanuni ya betri ya mwaka 2023 ina masharti ya namna hiyohiyo. Sehemu moja ya kanuni ya vifungashio inastahili pongezi bila masharti: kuanzia mwaka 2030 nafasi tupu ndani ya boksi la mauzo ya mtandaoni haitaruhusiwa kuzidi asilimia 50, na karatasi au plastiki ya kujazia itahesabiwa kuwa nafasi tupu, kwa hiyo hila ya kulijaza boksi kubwa kwa mapovu ya plastiki haitamsaidia mtu. Lakini katika suala la muuzaji mdogo, Umoja umechagua kuzidisha wawakilishi pale ambapo ungeweza kuyaagiza masoko yakate tozo ndogo ya mkupuo kwa kila kifurushi na kumwachia fundi kazi yake ya ufundi.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii ikiwa na sheria changa na wauzaji wengi. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, ambayo inamwekea kila mzalishaji wajibu mpana kwa nguvu ya sheria, ikimhesabu kuwa mzalishaji yeyote anayeingiza bidhaa au vifungashio nchini kwa kutengeneza, kuagiza kutoka nje, kujaza, kufungasha upya au kubandika chapa mpya. Na kanuni za utekelezaji zilizotolewa mwaka 2024 zimeikabidhi mamlaka ya mazingira, NEMA, kazi ya kuwasajili na kuwafuatilia, kila mmoja akichagua kutimiza wajibu peke yake au kupitia shirika la pamoja. Kwa viwanda vya soda na waagizaji wakubwa wa simu, utaratibu huo unaeleweka. Kwa biashara ya mtandaoni, unakutana na hali ambayo haifanani na ile ya Ulaya.

Sehemu kubwa ya mauzo ya mtandaoni Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala haifanyiki katika soko lenye mwenyewe anayepokea malipo. Muuzaji hupiga picha ya bidhaa na kuiweka Instagram au katika hali yake ya WhatsApp, mnunuzi humtumia fedha kwa simu, na bodaboda hupeleka mzigo. Hakuna aliyekaa katikati ya fedha na bidhaa kwa namna ambayo sheria ya Ufaransa inaitaka, na kuinakili sheria hiyo neno kwa neno kungeyakamata majukwaa machache rasmi na kuwaacha wengine wote, jambo ambalo lingewaadhibu waliojitokeza hadharani. Somo linalofaa kuchukuliwa ni kanuni yenyewe, kwamba wajibu utuliwe kwa yule anayepitiwa na mizigo mingi na anayeweza kupatikana. Katika biashara ya Kariakoo na Nairobi mtu huyo yupo, na wafanyabiashara wote wanamjua: ni wakala wa mizigo mwenye ghala Guangzhou au Yiwu, anayekusanya mizigo midogo ya wateja mamia, kuijaza katika kontena moja, na kuigawa ikishafika. Yeye anao uzito wa kila mzigo kwa sababu anautoza kwa kilo au kwa ujazo. Ana leseni, ana ofisi, na anapita forodhani. Tozo ya taka ikikatwa mikononi mwake, muuzaji wa vifuniko vya simu hatahitaji kujaza fomu yoyote. Kenya tayari inayatoza masoko ya kidijitali kodi ya ongezeko la thamani, utaratibu ulioanza kwa kanuni za mwaka 2020, kwa hiyo wazo la kumtumia aliye katikati si geni kwa serikali yake.

Limebaki suala ambalo sheria za Ulaya zimelipita kimya, nalo linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Tozo inayolipwa kwa gauni lililouzwa mtandaoni Paris hulipia ukusanyaji na uchambuzi nchini Ufaransa, lakini gauni hilo, baada ya kuvaliwa na kutolewa, linaweza kuendelea na safari ndani ya robota la mitumba mpaka katika masoko ya Gikomba, Karume au Owino. Mitumba inavisha mamilioni ya watu na kuajiri wengine wengi, na sura hii haikusudii kuishutumu. Hata hivyo katika kila robota kuna nguo zisizouzika, zilizochakaa au zenye madoa, na hizo humalizikia katika majalala na mito ya miji ambayo halmashauri zake hazikupata hata senti ya ile tozo. Kadiri majukwaa ya mtandaoni yanavyouza nguo za bei rahisi zaidi na zinazodumu muda mfupi zaidi, ndivyo sehemu isiyouzika ya robota inavyotarajiwa kukua. Mzalishaji amelipa, na taka imebaki kwa asiyelipwa, hali ileile ambayo kanuni ya mwaka 1972 ilikusudia kuiondoa.

Maelekezo mapya ya Umoja wa Ulaya kuhusu taka, yaliyoanza kuwa sheria Oktoba 2025, yanazitaka nchi zote wanachama ziwe na mfumo wa wajibu wa mzalishaji kwa nguo na viatu ndani ya miezi 30, na wauzaji wa mtandaoni wamo, hata wale wasio na makao Ulaya. Biashara ndogo kabisa zimepewa mwaka mmoja wa ziada. Maelekezo hayo yanataka nguo zilizokusanywa zichambuliwe kabla ya kusafirishwa, ili taka isipite mipaka ikijiita mitumba, nayo ni hatua ya maana. Kwa kuwa kila nchi mwanachama sasa inaandika sheria yake ya utekelezaji, muda wa serikali za Nairobi, Dodoma, Kampala na Kigali kudai sehemu ya tozo hizo, kwa uzito wa nguo zinazopokelewa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ni huu kabla ya mwaka 2028, wakati viwango vya tozo na matumizi yake bado vinajadiliwa.